Shujaa yupi aanguke mbele yenu: Makbeth, Okonkwo, Liyongo, Kinjeketile au Michael Corleone?

Kikundi cha kusoma, kuigiza na kujadili kikishakubaliana kwamba safari hii kinafanya tanzia, yaani hadithi ya shujaa anayeanguka, ndipo kazi inapoanza. Vijana wa Chumbageni, hapa Tanga, watataka filamu. Mwalimu atataka kitu kitakachowafaa wanafunzi wake darasani. Na hakosekani mzee mmoja wa Ngamiani wa kuuliza kwa nini tunahangaika na watu wa mbali wakati pwani ina mashujaa wake walioanguka. Wote wana hoja, na kikao kinaweza kuvunjika bila jina hata moja kupita. Kwa hiyo nimewaweka mashujaa watano mezani, kila mmoja apimwe kwa mizani ile ile, halafu kila kikundi kijichagulie.

Watano wenyewe ni Makbeth wa Shakespeare, Okonkwo wa Chinua Achebe, Fumo Liyongo wa utendi, Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, na Michael Corleone wa filamu ya The Godfather. Mfalme Edipode wa tamthilia ya Sophocles nimemwacha nje kwa makusudi. Huyo ndiye mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliyemtolea mfano zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na hawa wengine tunawapima kwa kipimo kilichotokana naye. Anayemtaka asome tafsiri ya Samuel Mushi.

Vigezo

Cha kwanza ni kasoro. Wengi huishia hapa: Makbeth tamaa, Okonkwo kiburi, wamemaliza, wanafunga daftari. Hiyo ni orodha ya madhambi. Aristotle alitaka shujaa awe mtu wa kati, asiwe mwema kupindukia wala mwovu, aanguke kwa kosa alilolifanya na wala si kwa roho mbaya. Swali la kujiuliza ni kama kasoro ile imetoka kwenye sifa ile ile iliyompandisha. Ukiweza kuing'oa kasoro ukabaki na shujaa mzima, basi umeshika tabia mbaya tu, tanzia bado hujaiona.

Cha pili ni maonyo: nani alimkanya, na kwa nini hakusikia. Cha tatu ni wanaoumia, maana mara nyingi shujaa si wa kwanza kufa. Cha nne ni kuzinduka: je, anakuja kujua alichokifanya, na anajua wakati gani? Cha tano ni kazi yenyewe: kama inapatikana kwa Kiswahili, inataka watu wangapi, na mtaimudu jukwaani au sebuleni.

Vyote hivyo vinakwenda mahali pamoja. Tanzia nzuri inaacha ubishi. Watu wanatoka ukumbini, wanafika barazani, kahawa inamiminwa na bado wanabishana. Kila mmoja wa hawa watano anaacha ubishi wa aina yake, na kwa maoni yangu mnachochagua hasa ni huo ubishi.

Makbeth

*Kasoro.* Tamaa, ndiyo, kila mtu anajua. Lakini tazama anavyoingia kwenye hadithi. Kabla hatujamwona, askari majeruhi anamsifu mbele ya mfalme: amempasua mwasi kutoka kitovuni hadi tayani. Mfalme anafurahi, anampa cheo. Kumbe mtu huyu anatunukiwa kwa kuua bila kusita, na baadaye tunashangaa akiua bila kusita. Sifa na kasoro ni mkono mmoja, aliyebadilika ni anayechinjwa. Kwa kigezo hiki Makbeth ni mzuri kuliko anavyofundishwa.

*Maonyo.* Banquo, jemadari mwenzake, anamwambia waziwazi kwamba nguvu za giza huweza kumwambia mtu kweli ndogo ili zimpoteze kwenye jambo kubwa. Aliyemkanya zaidi ni yeye mwenyewe. Usiku wa mauaji anahesabu sababu za kutomuua Duncan: ni jamaa yake, ni mfalme wake, na usiku ule ni mgeni ndani ya nyumba yake. Hiyo ya tatu huku kwetu ina uzito wa peke yake. Tulipokuwa tukisoma sehemu hii, mama mmoja mtu mzima alitukatiza. "Ngoja kwanza, mwalimu. Huyo mzee kala kwao, kalala kwao?" Ndiyo, mama. "Basi mnamjadili nini? Huyo hana wakili." Ilichukua muda kumrejesha kwenye mazungumzo, na sina hakika kama alirudi kwa moyo.

*Wanaoumia.* Duncan, kisha Banquo, kisha mke na watoto wa Macduff waliouawa nyumbani kwao bila hatia yoyote, kisha nchi nzima. Mkewe, aliyemsukuma, anaishia kutembea usingizini akinawa damu isiyokuwepo.

*Kuzinduka.* Anajua kosa lake mapema mno, kabla ya kutenda. Anachokuja kukijua mwishoni ni kwamba bishara za wachawi waliomtabiria zilikuwa mafumbo: msitu umetembea, na adui yake Macduff hakuzaliwa kwa njia ya kawaida. Majuto ya kweli, ya kuomba radhi, hayapo. Upo uchovu wa maisha, ule wa mtu aliyepata alichotaka akakuta hakina ladha.

*Kazi.* Ndiyo fupi kuliko tanzia zote za Shakespeare. Tafsiri ya Mushi ya mwaka 1968 ipo, lakini kuipata dukani ni bahati. Anzeni na maktaba ya mkoa. Jukwaa lake halina gharama, giza na mshumaa vinatosha. Waliogawanyika kati ya kitabu na filamu wana njia ya katikati: Akira Kurosawa aliihamishia Japani kwenye Throne of Blood ya mwaka 1957, na mwisho wake wa mishale hausahauliki hata kwa asiyejua neno la Kijapani.

*Anamfaa nani.* Kikundi kinachotaka kazi ya usiku, yenye wasiwasi na mashaka ya nafsi. Hawafai wanaotaka mahakama barazani. Kama alivyosema yule mama, kesi imekwisha kabla haijaanza. Ubishi pekee unaobaki ni kama wachawi walimpoteza au walimsomea tu kilichokuwamo moyoni mwake.

Okonkwo

*Kasoro.* Okonkwo anaogopa kitu kimoja: kufanana na baba yake. Unoka alikuwa mpiga filimbi, mcheshi, mkopaji asiyelipa, akafa na madeni yake. Mwanawe akaamua kukichukia kila alichokipenda baba, upole ukiwemo. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya alime kama aliyelaaniwa, ikamwangusha Amalinze bingwa wa mieleka, ikampa maghala ya viazi vikuu na wake watatu. Na hofu hiyo hiyo ndiyo iliyoshika panga siku alipouawa Ikemefuna, yule kijana aliyekaa nyumbani kwake miaka mitatu akimwita baba. Kwa kigezo cha kwanza sioni anayempita. Itoe hofu, na Okonkwo mwenyewe hayupo.

*Maonyo.* Mzee Ezeudu alimjia nyumbani akamwambia: mtoto yule anakuita baba, usiutie mkono wako katika kifo chake. Onyo la mzee, limesemwa kwa upole na kwa ufupi. Rafiki yake Obierika alibaki nyumbani siku hiyo. Okonkwo alikwenda, asije akaonekana dhaifu. Mpaka hapa ni asiyesikia la mkuu. Lakini Achebe hakuliacha jambo liwe rahisi. Kwenye mazishi ya Ezeudu huyo huyo bunduki ya Okonkwo inapasuka, inamuua mtoto wa marehemu, na kwa ajali hiyo anahamishwa miaka 7 kwenda Mbanta, kijijini kwa mama yake. Aliyoyafanya kwa kusudi hayakumfukuza mjini. Aliyoyafanya kwa bahati mbaya ndiyo yaliyomfukuza. Hapo watu wazima hubishana hadi kahawa inapoa.

*Wanaoumia.* Ikemefuna kwanza. Halafu Nwoye, mwanawe wa kumzaa, anayekimbilia kwa wamisionari na kuitwa Isaac. Wake zake wanaishi kwa kuchunga maneno. Yeye ni wa mwisho.

*Kuzinduka.* Ni finyu, na ni ya upande mmoja. Anapomuua tarishi wa serikali na kuona wenzake wamewaacha matarishi wengine wakimbie, anaelewa kwamba Umuofia, kwao, haitapigana. Anaielewa Umuofia. Kama alijielewa mwenyewe, hatukuoneshwa. Anajinyonga, na watu wake hawaruhusiwi na mila kumgusa. Mkuu wa wilaya anamfikiria kama aya moja ya kitabu chake.

*Kazi.* Ni riwaya ya mwaka 1958, na Clement Ndulute aliitafsiri kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973. Inapendeza ikisomwa kwa sauti, sura moja moja, wiki baada ya wiki. Kuipandisha jukwaani kunataka mtu wa kuiandika upya.

*Anamfaa nani.* Vikundi vyenye akina baba na watoto wao wakubwa pamoja. Onyo dogo: yapo majumba ambamo hadithi hii itagusa kidonda, na mwendesha mjadala ajiandae.

Fumo Liyongo

*Kasoro.* Hapa ndipo penye kazi, maana Liyongo hana kasoro inayoonekana kwa haraka. Ni mtu wa miraba minne, mshairi, mwenye shabaha, na mfalme wa Pate hapati usingizi kwa ajili yake. Utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unamwonesha akiwashinda maadui kwa akili kabla ya nguvu. Wanampangia kikoa cha kula makoma: kila mtu kwa zamu yake apande mkoma, na zamu ya Liyongo ikifika wamtungue kwa mishale akiwa juu. Zamu ikafika. Akatoa upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini. Mla nawe hafi nawe, na yeye alilijua hilo mapema.

Wakamfunga. Akaimba, na ndani ya wimbo akamtuma kijakazi Saada kwa mama yake: upikwe mkate wa makapi, katikati itiwe tupa. Walinzi walikula vinono vilivyoletwa. Mkate wa makapi wakamwachia mfungwa mwenyewe. Kisha akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa. Watu wakacheza, matoazi yakalia, na chini ya kelele zile tupa ikafanya kazi yake kwenye minyororo.

Sasa mtu mwenye akili za namna hii anamwambiaje mwanawe siri ya kifo chake? Mtoto ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Anamjia baba na swali: kitu gani kinaweza kukuua? Na baba hakupitiwa. Utendi unamwonesha akitambua kwamba mtoto ametumwa. Akamjibu hata hivyo: sindano ya shaba, kitovuni.

Wapo wanaosema ni ghururi, aliona haiwezekani. Wapo wanaosema alichoka kuwindwa. Mimi naegemea kwenye mapenzi: alimkwepa kila adui isipokuwa yule ambaye kumkwepa ni kumkana. Kama ni hivyo, kasoro yake ni kuwa baba, na huo ni ugomvi mkubwa na Aristotle, maana kosa hapa limefanywa macho yakiwa wazi na halina aibu yoyote ndani yake.

*Maonyo.* Alijionya mwenyewe na akajipuuza mwenyewe.

*Wanaoumia.* Yeye, mama yake, mwanawe ambaye hakuifaidi ile ahadi, na mji mzima kwa namna ya ajabu. Liyongo aliyechomwa anainuka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale na kufa katika hali hiyo. Wachota maji wanakuja, wanamwona, wanakimbia. Siku zinapita mji hauna maji, wakidhani yu hai na amekasirika, hadi mama yake anapoletwa kumbembeleza maiti.

*Kuzinduka.* Kumegeuzwa kichwa chini miguu juu. Shujaa alijua kabla. Wanaozinduka ni wengine, tena wakiwa wamechelewa.

*Kazi.* Ni utendi, kwa hiyo unataka mghani mwenye sauti na pumzi, na wasikilizaji watulivu. Kiswahili chake ni cha kaskazini, na hata sisi wa Mrima tunakwama kwenye maneno. Mtafuteni mtu anayekijua Kiamu, lahaja ya Lamu, au wekeni msimulizi wa kufafanua katikati. Upande wa ngoma hamtapata shida. Tanga haikosi watu wa taarabu, na tukio la gungu likipangwa vizuri linabeba onyesho zima.

*Anamfaa nani.* Wanaotaka lugha, muziki na swali lisilo na jibu. Hawafai wanaotaka shujaa anayebadilika mbele ya macho yao, kwa sababu Liyongo hageuki hata mara moja.

Kinjeketile

*Kasoro.* Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 na kumalizika 1907. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake, iliyotoka mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asichanganywe na yule wa historia. Tahadhari hiyo iheshimiwe. Nimewaona watu wakigombana juu ya tarehe badala ya mchezo.

Kinjeketile wa jukwaani anaingia mtoni, anatoka na maji na ujumbe: tuungane, risasi haitatudhuru. Makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho la shari yanakuwa kitu kimoja. Kisha, akili zikimrudia, anasikia kwamba katika ujumbe ule alisema watu watakuwa chini ya Seyyid Said, na anashtuka. Tutoke kwa mtawala mmoja tuingie kwa mwingine? Basi ujumbe umetoka wapi? Kuanzia hapo ana shaka na neno lake mwenyewe, na neno limeshamtoka, limeshakuwa kubwa kuliko aliyelizaa.

Kasoro yake ni ipi basi? Kwamba aliamini? Bila imani ile umoja usingepatikana. Kwamba alinyamaza? Angesema, umoja ungevunjika. Kwa kigezo cha kwanza yuko sawa na Okonkwo, ila yeye kasoro yake imeenea kwa watu wote. Kila mwanakijiji aliyekunywa maji yale anayo kipande.

*Maonyo.* Hapa mambo yamepinduka: yeye ndiye anayeonya. Anaomba wasubiri, vita visianze bado. Hawasubiri. Kitunda, mtu wa vita na mwenye akili timamu, anaijua shaka yake, na wawili hao wanabaki na siri inayowachoma.

*Wanaoumia.* Wote. Nje ya tamthilia, wanahistoria wamekadiria vifo vya vita hivyo kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwendesha mjadala aijue takwimu hiyo kabla hajaanza, maana bila hiyo watu wanamhukumu Kinjeketile kwa wepesi.

*Kuzinduka.* Ndiyo sababu kubwa ya kumchagua. Yuko kifungoni, ameteswa, na anaambiwa aseme maji yalikuwa uongo apate kuokoka. Anakataa. Akisema hivyo, watoto watafundishwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Anajua maji hayakuzuia risasi, na anajua kwamba ukweli huo ukitamkwa mbele ya mshindi utageuzwa silaha. Je, ni ushujaa au ni kiburi cha mwisho? Nimesikia hoja kali pande zote mbili, na nikiulizwa leo nitasema ushujaa, lakini sitapiga meza.

*Kazi.* Imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na inasikika: hamna sentensi inayoteleza mdomoni kama za tafsiri. Inataka watu wengi na ngoma, ila kikundi kidogo kinaweza kuchukua tukio la kifungoni peke yake, watu wawili na benchi. Kwa watakaopata nafasi ya kwenda Bagamoyo, walimu na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, ni watu wa kuuliza maswali ya jukwaa.

*Anamfaa nani.* Wanaotaka mahakama ya kweli barazani. Hawafai wanaotaka burudani ya jioni moja watu watawanyike wakicheka.

Michael Corleone

*Kasoro.* Kijana wa familia ya wahalifu huko Marekani, aliyetoka vitani na sare yake, anamwambia mchumba wake kwamba hiyo ni familia yake, si yeye. Anaingia kwenye uhalifu kumlinda baba aliyepigwa risasi. Sifa ni utulivu na mapenzi kwa nyumba yao. Kasoro ni hiyo hiyo. Kwa ajili ya kuilinda familia, anaimaliza.

*Maonyo.* Machache, na ni udhaifu kidogo. Baba yake alimtakia maisha mengine, ya useneta au ugavana, lakini hakumzuia.

*Wanaoumia.* Mkewe wa kwanza, kwa bomu la gari huko Sicily. Shemeji yake. Kaka yake Fredo, katika sehemu ya pili ya mwaka 1974. Ile ya kwanza, ya mwaka 1972, ina tukio la ubatizo ambapo anamkana shetani kanisani huku watu wake wakiua mjini. Hilo peke yake linatosha kwa mjadala wa jioni.

*Kuzinduka.* Kunakuja polepole. Kwenye filamu ya kwanza hakupo kabisa.

*Kazi.* Francis Ford Coppola aliiongoza kutoka riwaya ya Mario Puzo. Ni karibu saa 3, kwa hiyo anzeni baada ya magharibi mkijua mtamaliza usiku. Lugha ni Kiingereza na Kiitaliano kidogo. Bila mtu wa kutafsiri kwa sauti, kama wale wa mabanda ya video, nusu ya watu watalala. Ina damu, watoto wadogo wabaki nyumbani.

*Anamfaa nani.* Vijana waliochoka na vitabu, na yeyote anayeamini kwamba tanzia ni mambo ya kale.

Kwa hali yenu

Mna wiki mbili na waigizaji wachache: tukio la kifungoni la Kinjeketile, au usiku wa mauaji kwa Makbeth. Usijaribu Liyongo kwa haraka. Mghani asiyejiandaa anaua utendi.

Mwalimu mwenye darasa linalokariri "kasoro ni tamaa": wape Okonkwo, kisha waulize wanafunzi wamtoe hofu wamwone anabaki nani. Kama darasa limeshazoea swali hilo, wapeleke kwa Liyongo, ambako jibu la kukariri halipo.

Kikundi cha mchanganyiko, wazee na vijana, wanaume na wanawake: Liyongo kwa ngoma yake, au Kinjeketile. Wazee wa kwetu wakimsikia Liyongo huongeza vyao, na toleo la bibi wa mtu fulani huenda likapingana na la Kijumwa. Waacheni wapingane.

Wapenzi wa filamu wasiotaka kusikia habari ya kitabu: anzeni na Michael, wiki inayofuata leteni Kurosawa. Wakishauliza hadithi ile imetoka wapi, mpeni mmoja wao tafsiri ya Mushi.

Kikundi chenye msiba wa karibu wa kujinyonga, au ugomvi wa baba na mwana unaojulikana mtaani: Okonkwo asubiri. Si kila wakati ni wake.

Na kwa yule mzee wa Ngamiani anayetaka wa kwetu kabisa, yupo. Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Wajerumani tangu 1888, akakamatwa baada ya kusalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Pangani si mbali. Anayetaka kwenda anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa huku kwetu, alivisimulia vita hivyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kikundi chenye mwandishi mmoja mwenye subira kianzie kwenye utenzi huo, na vigezo vitano vya juu vikiwa pembeni: sifa gani ilimpandisha, nani alimkanya, nani waliumia kabla yake, alijua nini siku ya mwisho. La tano, la waigizaji na ngoma, litajipanga lenyewe mkishapata majibu ya hayo manne.